Volkano Hulipuka Mwandishi Akikwama

Ndugu zangu, filamu tuliyomaliza kuitazama, Bird of Paradise ya mwaka 1932, haifiki hata saa moja na nusu, lakini nimewaona wengine mmeshaanza kusinzia kabla haijafika katikati. Siwalaumu. Hata hivyo mwongozaji wake, King Vidor, hakuwa mtu wa kubahatisha, na muziki wa Max Steiner ulistahili kazi bora kuliko hii. Basi uchovu huu umetoka wapi?

Mimi nasema umetoka pale pale ilipotoka dharau. Johnny, kijana wa Kimarekani, ana nia, ana wasiwasi, ana wenzake wa kubishana nao. Wenyeji wa kisiwa cha Pasifiki anakofika wanacheza ngoma, wanapiga kelele, wanakasirika wote kwa mpigo. Luana, binti wa kisiwani aliyeigizwa na Dolores del Río wa Meksiko, anajitosa baharini na kuikata kamba iliyomnasa Johnny mguuni huku papa akivuta. Tendo la shujaa, tena mwenye akili! Punde si punde amegeuzwa mtoto wa kufundishwa kusema. Sasa hadithi ambayo watu wake wengi hawana sababu ya kutenda lolote itasonga vipi? Mwandishi akikwama anaiita volkano, na binti hana budi kutolewa kafara.

Pele, mungu wa volkano anayetajwa humo, ni wa Hawaii, na picha nyingine zilipigwa huko huko. Lakini kutupa wasichana volkanoni si mila inayojulikana ya Wahawaii. Kafara za binadamu zilikuwapo, ila kwenye mahekalu ya vita, na waliouawa kwa kawaida walikuwa wanaume. Mwaka 1819 watawala wenyewe wa Hawaii, Malkia Kaahumanu akiwa mstari wa mbele, waliuvunja mfumo wa miiko ya dini ya jadi. Mwaka 1824 Kapiolani, mwanamke wa ukoo wa machifu aliyeingia Ukristo, alikwenda hadi kasoko la volkano ya Kilauea kumkaidi Pele, huku watu wakimsihi arudi. Hebu fikirini mabishano ya safari ile: imani mpya, imani ya wazee, madaraka, jamaa wenye hofu. Hiyo ndiyo filamu! Nao watengenezaji wa Bird of Paradise walifika Hawaii na kamera zao, wakaipita.

Mwaka 1951 hadithi ikarudiwa, safari hii kwa rangi, chini ya Delmer Daves. Binti wa kisiwani akawa Debra Paget, mzaliwa wa Denver. Naye aliishia volkanoni.