Kalkuleta Isiyo na Spika, na Namna ya Kuiliza

[Mlio mmoja, sekunde moja.]

RUKIA: Hiyo "piii" mliyoisikia si simu ya mtu. Ni TI-84 Plus, kalkuleta ya grafu, imechomekwa kwenye spika ya kompyuta hapa mezani. Karibuni. Mimi Rukia, na mwenzangu ni Salim.

SALIM: Na ndani haina spika. Tuanzie hapo, maana swali la kwanza la watu huwa, "niifungue nitie spika?" Usifungue chochote. Bisibisi iweke mbali.

RUKIA: Hapa Mombasa ukitaja kalkuleta, mtu anawaza ile ndogo ya shule. Karatasi ya Hesabu ya KCSE inasema wazi kwamba zinaruhusiwa kalkuleta za kimya zisizoweza kutiwa programu. Hii yetu leo imevunja masharti yote mawili.

SALIM: Kwa mpigo mmoja! Kwa hivyo chumba cha mtihani haiingii.

RUKIA: Haya, kama spika hakuna, sauti inatoka wapi?

SALIM: Angalia lile tundu la duara, la milimita 2.5. Liliwekwa ili kalkuleta mbili zipeane programu kwa waya. Ndani mna laini mbili na athi. Ncha ya pini ni laini ya kwanza, pete ni ya pili, shina ni athi. Sasa chukua pini ya iafoni ya kawaida: ncha ni sikio la kushoto, pete la kulia, shina ni athi. Mpangilio ni uleule, kilichopishana ni unene tu.

RUKIA: Ndiyo maana unahitaji adapta: dume la milimita 2.5 upande mmoja, jike la 3.5 upande wa pili. Lakini iwe ya stereo. Hesabu mistari myeusi kwenye pini: miwili ndiyo yenyewe. Ukiona mmoja, hiyo ni mono, na mono inaifunga pete kwenye athi. Laini moja inakufa pale pale.

SALIM: Watu wakishapata adapta huchomeka iafoni moja kwa moja. Inalia, lakini kinyonge. Laini hizi zinainuliwa na rezista iliyo ndani ya kalkuleta, zinashushwa na saketi. Iafoni ina omu 32 hivi, ni mzigo mzito, kwa hivyo laini haiinuki sawasawa. Na lipo jambo la pili, baya zaidi. Kalkuleta ikitaka kutuma kitu kwa mwenziwe, hushusha laini moja. Ndiyo hodi yake. Iafoni ikizilaza laini chini muda wote, kalkuleta yako inaweza kudhani kuna mgeni mlangoni na kubaki ikimsubiri.

RUKIA: Skrini imeganda na wewe hujabonyeza kitu.

SALIM: Dawa ya yote mawili ni kapasita. Mikrofaradi 1 kwenye kila laini, ikae kati ya kalkuleta na kifaa cha sauti. Kapasita inazuia umeme usiobadilika, inapitisha mtetemo peke yake. Kama ni ile yenye pande mbili tofauti, mguu wa chanya uelekee kalkuleta. Halafu peleka kwenye spika yenye amplifaya yake, ile yenye tundu la 3.5. Anza na sauti chini kabisa. Wimbi letu halipandi kwa ulaini, linaruka juu na kuanguka chini, na hilo sikio halilipendi likija kwa ghafla.

RUKIA: Basi tuingie ndani. Nani anaishusha na kuiinua hiyo laini?

SALIM: Programu yako. Prosesa ya TI-83 Plus na TI-84 Plus ni Z80, na zile laini mbili zimeshikwa na poti namba 0, mlango wa prosesa kuelekea nje. Ukiandika 0 pale, laini zote ziko juu. Ukiandika 1, ncha inashuka. Ukiandika 2, pete inashuka. 3, zote chini. Hakuna noti humo, hakuna hata kiwango cha sauti, ni juu au chini basi. Muziki wote unatokana na kuhesabu muda: unasubiri kiasi gani kabla ya kugeuza.

RUKIA: Na TI-BASIC, lugha ya programu iliyomo kwenye kalkuleta, haikufikishi. Haina amri ya kugusa poti, na hata ingekuwa nayo, ni pole mno. Lazima asembli, lugha ya prosesa yenyewe.

SALIM: Lakini huhitaji kompyuta kwa kuanzia. Bonyeza PRGM, nenda NEW, ipe jina, tuseme LIA. Mstari wa kwanza weka neno AsmPrgm. Usiliandike herufi kwa herufi, litoe kwenye CATALOG, yaani 2nd kisha 0. Chini yake andika hizi, A mpaka F kwa kutumia ALPHA:

F3AFD320
217003
EE03D30057
010401
0B78B120FB
2B7CB57A20ED
AFD3003CD320
FBC9

Kisha rudi skrini ya kawaida, toa Asm( kwenye CATALOG, fuatisha prgmLIA, ENTER. Utasikia noti ya A, hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, ikilia kwa sekunde moja, ile mliyoisikia mwanzo.

RUKIA: Tuzichambue, maana mtu akinakili tu hatajua wapi pa kubadilisha.

SALIM: F3 inazima makatizo. Mfumo wa kalkuleta hukatiza programu zaidi ya mara 100 kila sekunde ili uangalie vitufe na mambo yake. Ukiacha yaendelee, mlio unakwaruza kama redio iliyoingia mchanga. AFD320 inaishusha kasi mpaka megahezi 6. TI-84 Plus inaweza kwenda 15 pia, na kama iko kwenye 15, mlio wa 440 unakuwa 1100.

RUKIA: Mwenye TI-83 Plus ya zamani?

SALIM: Kwake kasi ni hiyo 6 tu. Aondoe D320 ya mstari wa kwanza, abakishe F3AF, na kwenye mstari wa saba aondoe 3CD320. Mengine yabaki.

RUKIA: Mstari wa pili, 217003, ni urefu: mageuzo 880. Mbona imeandikwa 7003 wakati 880 kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16, ni 0370?

SALIM: Z80 hutanguliza mkia. Baiti ndogo kwanza, kubwa baadaye. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Mstari wa tatu unageuza laini na kuandika kwenye poti. Wa nne, 010401, ndio roho ya noti: hesabu ya kusubiri, 0104 yaani 260. Mstari wa tano ni kusubiri kwenyewe, wa sita unapunguza mageuzo moja na kurudi juu.

RUKIA: Na 260 imetoka wapi?

SALIM: Megahezi 6 ni tiki milioni 6 kwa sekunde. Wimbi la 440 lina mageuzo 880, kwa hivyo kila geuzo ni tiki 6818. Kitanzi cha kusubiri kinakula tiki 26 kila mzunguko, na kazi nyingine zote kati ya geuzo na geuzo zinakula 57. Toa 57, gawanya kwa 26, unapata 260. Kanuni ni hiyo kwa noti yoyote: 3,000,000 gawanya kwa masafa, toa 57, gawanya kwa 26.

RUKIA: C ya katikati, 261.63?

SALIM: 439. Kwa heksadesimali 01B7, kwa hivyo unaandika 01B701 mahali pa 010401.

RUKIA: Ukibadilisha hapo tu, noti itakuwa ndefu kuliko sekunde.

SALIM: Ndefu, ndiyo. Mageuzo ni yaleyale 880 lakini kila moja limekuwa refu. Noti ya chini inajivuta, ya juu inakimbia, na wimbo unayumba kama mtu aliyelewa. Kila noti ina namba mbili: ya kusubiri, na ya mageuzo, ambayo ni masafa mara mbili, mara sekunde unazotaka. C ya sekunde moja ni mageuzo 523.

RUKIA: Sasa hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ya taarabu. Kinanda cha kawaida kina E na E ya bemoli, kati yao hakuna kitu. Mpiga udi au fidla anaipata ile iliyo katikati bila taabu. Chukua maqam Rast, moja ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kuanzia C: noti ya tatu iko robo toni chini ya E. Masafa yake ni kama 320.2.

SALIM: Na kalkuleta haijui kinanda ni nini. Inajua kuhesabu tu. E ni 348, E ya bemoli ni 369, na hiyo yako ni 358. Andika 016601, mageuzo 640, yaani 218002. Kwisha. Kuna vinanda vya bei kubwa ambavyo mpaka uzame kwenye menyu ndipo uipate noti hiyo.

RUKIA: [anacheka] Usahihi wake ukoje, lakini?

SALIM: Kati ya 358 na 359 ni kama senti 5, na senti 100 ndizo nusu toni. Kwa noti za katikati inatosha. Ukipanda juu sana hatua zinakuwa pana na sikio linaanza kulalamika. Na kasi ya kalkuleta moja hailingani kabisa na ya nyingine. Ukitaka ifuatane na udi, pima mlio wa 440 kwa programu ya simu ya kutunia ala, kisha zidisha namba zako zote za kusubiri kwa masafa uliyopima gawanya kwa 440. Au mpiga udi aifuate kalkuleta, ndiyo njia fupi.

RUKIA: Sauti mbili kwa pamoja je?

SALIM: Ya bure ipo tayari: ncha sauti moja, pete nyingine. Sikio la kushoto melodi, la kulia besi. Spika yako ikiwa moja, ziunganishe kwa rezista mbili za kilo-omu 1, moja kila laini. Usizifunge laini zenyewe pamoja.

RUKIA: Lakini kile kitanzi cha kusubiri hakiwezi kuhesabu noti mbili.

SALIM: Hakiwezi. Hapo unabadili mtindo. Unaandika kitanzi kinachozunguka kwa muda usiobadilika, tuseme tiki 300, yaani mara 20,000 kwa sekunde. Kila sauti ina rejista ya biti 16, kisanduku cha namba ndani ya prosesa. Kila mzunguko unaiongezea hatua yake, na biti ya juu kabisa ndiyo inayoamua laini iwe juu au chini. Kwa 440 hatua ni 1442: 440 gawanya kwa 20,000, mara 65,536. Kazi ngumu ni kuhakikisha kila njia ndani ya kitanzi ina tiki sawa. Njia moja ikizidi nyingine hata kidogo, noti inatetemeka.

RUKIA: Asiyetaka kuandika haya mwenyewe, kuna HoustonTracker 2, programu ya kutungia muziki kwenye kalkuleta yenyewe. Ina sauti tatu, na inakubali TI-82, TI-83, TI-83 Plus na TI-84 Plus. Unaihamisha kutoka kompyuta kwa programu ya TiLP au TI Connect.

SALIM: Kabla ya hayo yote, weka programu zako kwenye hifadhi, amri ya Archive. Herufi moja ikikosewa kwenye zile heksa, skrini inaandika RAM Cleared na kila kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Ikiganda kabisa, toa betri moja ya AAA, subiri, irudishe. Kitufe cha ON hakitakusaidia, makatizo umeyazima mwenyewe.

RUKIA: Na kwa wa pwani: ikilia upande mmoja, kabla hujalaumu programu, itazame pini. Hewa ya chumvi inaotesha ukungu wa kijani kwenye shaba. Pangusa kwa spiriti, chomeka na kuchomoa mara kadhaa.

SALIM: Wenye TI-84 Plus CE mtauliza. Ile haina tundu la duara, ina mini-USB tu, kwa hivyo waya huu hauna pa kuingia. Na tangu 2020 mifumo mipya ya CE imefungia programu za asembli.

RUKIA: Njia ya redio?

SALIM: Hiyo haihitaji tundu. Mwaka 1975, Steve Dompier aliipigisha muziki kompyuta ya Altair 8800 kwa kuweka redio ya AM jirani yake. Saketi ikifanya kazi inavujisha mawimbi, redio inayadaka. Kwa TI-84 Plus, tafuta mahali patupu kwenye masafa ya kati, isogeze redio umbali wa shubiri moja. Ila programu yetu ya leo itasikika kwa shida, kwa sababu prosesa inafanya kazi ileile muda wote. Ibadili: nusu ya wimbi kitanzi kiandike kwenye kumbukumbu, nusu nyingine kisubiri tu. Redio inasikia ile tofauti.

RUKIA: Ngoja niiwashe. Hii hapa, bila waya.

[Mkwaruzo wa redio, kisha noti tatu: C, D, na E iliyopungua robo.]

SALIM: Ya tatu iko chini kidogo.

RUKIA: Weka 357.

[Noti tatu tena.]