Kutunza kifurushi cha klasta kwenye Debian: tuanze na Munge

Assalamu aleikum, karibuni. Kwanza mniwie radhi kwa huyo punda. Niko darini, madirisha wazi kwa joto, na hapa Langoni, Lamu, punda halii kwa ratiba.

Leo hatusakinishi programu. Leo tunakaa upande wa wale wanaoitayarisha iwe kifurushi kabla wewe hujaandika apt install, ile amri ya kukisakinisha. Kwenye Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, na imekuwa hivyo tangu Ian Murdock aianzishe mwaka 1993. Mama aliniuliza, "Mwanangu, kwani walipwa na nani?" Nikamwambia silipwi. Akanyamaza, akanimiminia kahawa.

Hizi mnazoziona nyuma yangu ni kompyuta tatu za ofisi zilizostaafishwa. Nilizinunua Mombasa, zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti zimefungwa mablanketi. Nimeziunganisha kwa swichi moja ndogo, basi, hiyo ni klasta: kompyuta kadhaa zinazogawana kazi moja. Nimeziita nahodha, baharia1 na baharia2. Usizicheke. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA, walianza hivihivi, kwa kompyuta za kawaida zilizounganishwa kwa waya wa mtandao.

Anayegawa kazi kwenye klasta yangu ni Slurm. Ukiitafuta kwenye Debian andika slurm-wlm, kwa sababu jina slurm lilishachukuliwa na programu nyingine ya kupima mwendo wa mtandao. Ni kama Ali wawili mtaa mmoja, mmoja lazima aitwe Ali wa Mkomani. Lakini Slurm ni jahazi kubwa, usianze nalo. Tuanze na Munge, ndogo iliyo chini yake. Kazi ya Munge ni kupiga muhuri: nahodha akituma kazi, baharia auangalie muhuri na ajue nani kaituma.

Hatua ya kwanza. Usifanye haya kwenye mfumo unaoutegemea kila siku. Tengeneza chumba cha pembeni (chroot) chenye Debian ya sid, yaani tawi lisilotulia, kwa sababu matoleo mapya hupitia huko kwanza. Kisha sakinisha vyombo: devscripts, git-buildpackage, sbuild, quilt na lintian. Kwa intaneti ya hapa, washa hiyo kazi kisha nenda kaswali.

Ya pili, andika debcheckout munge. Itakuletea chanzo cha kifurushi pamoja na historia yake yote. Ingia ndani, uone folda iitwayo debian. Hapo ndipo petu. Msimbo uliobaki ni wa waandishi wa programu. Sisi tunakaa kwenye folda hii. Faili ya control inataja kifurushi kinahitaji nini, rules inaeleza namna ya kukijenga, changelog ni daftari la mabadiliko, na watch inajua mahali pa kuchungulia toleo jipya.

Tuchungulie basi. Andika uscan --report. Ikikuambia kuna toleo jipya, andika gbp import-orig --uscan, nalo litaingia. Ikikuambia hakuna, usiondoke. Fungua orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, uchague moja unayoweza kuirudia kwenye mashine yako. Mimi napenda hizo kuliko toleo jipya, maana kuna mtu mahali fulani amekwama.

Sasa viraka, yaani mabadiliko madogo tunayoyatia juu ya msimbo wa waandishi. Andika export QUILT_PATCHES=debian/patches, halafu quilt push -a. Nani kati yenu amewatazama mafundi wa Matondoni wakikalafati jahazi? Fundi hapigi pamba kila mahali. Anapita kiungo kwa kiungo, anagusa, palipolegea anaitoa ya zamani na kutia mpya. Viraka ni hivyo. Kikikataa kukaa, usikilazimishe, soma kwanza. Huenda waandishi wa programu wameshakichukua kwao, basi unakiondoa kabisa kwa quilt delete -r na jina lake. Huenda mistari imesogea tu, basi unakirekebisha na kuandika quilt refresh. Na kiraka ulichotunga mwenyewe wapelekee waandishi pia. Kiraka kinachokaa Debian peke yake ni mzigo utakaoubeba kila toleo.

Andika dch, ikufungulie changelog, ueleze ulichofanya kwa maneno machache. Kama umetibu hitilafu iliyoripotiwa, weka Closes: na namba yake, nayo itajifunga yenyewe kifurushi kikipokelewa. Kwenye namba ya toleo kama 0.5.16-1, kabla ya kistari ni ya waandishi, baada yake ni yetu. Jenga kwa sbuild, kisha lintian ikukague. Lintian ina mdomo, lakini mara nyingi haikosei.

Hapa ndipo wengi huishia: kimejengeka, wanatuma. Hapana. Kipeleke majini kwanza.

Sakinisha kifurushi chako kwenye kompyuta zote. Angalieni mtego: Debian hutengeneza ufunguo wa Munge wakati wa kusakinisha, kwa hiyo kila kompyuta itakuwa na wake, na mihuri haitatambuana. Chukua /etc/munge/munge.key ya nahodha, uinakili kwa mabaharia wote. Mwenyewe awe mtumiaji munge, ruhusa iwe 0400, yaani asome yeye tu, kisha washa upya huduma. Jaribu hapohapo: munge -n | unmunge. Halafu ng'ambo: munge -n | ssh baharia2 unmunge.

Na hapa niwasimulie yaliyonipata. Jaribio hilo lilikataa kwa baharia2 peke yake, likaandika Rewound credential. Nikapekua msimbo usiku mbili. Nikashuku kiraka changu, nikashuku ufunguo, nikashuku hata waya. Kumbe umeme ulikuwa umekatika mchana, na betri ndogo ya ubaoni ya baharia2 imeliwa na chumvi ya bahari. Ilipowaka, saa yake ilirudi nyuma miaka. Muhuri wa Munge una saa ndani yake na kwa kawaida unaishi sekunde 300 tu. Baharia2 aliona muhuri wa kesho, akaukataa. Alikuwa sahihi! Kwa hiyo kabla ya kulaumu msimbo, andika date kwenye kila kompyuta, na sakinisha chrony ioanishe saa zao.

Mihuri ikikubali, malizia kwa Slurm, uziambie zote tatu zitaje majina yao: srun -N3 hostname. Haya, tazameni skrini: nahodha, baharia2, baharia1. Wamejibu wote, mpangilio wa majina si hoja.

Kutuma sasa. Fungua akaunti Salsa, ambako Debian huweka misimbo yake, na upeleke mabadiliko kwa timu inayotunza kifurushi. Usiwaruke, hata kama wamekawia kujibu. Nao wana kazi na watoto. Kama huna ruhusa ya kupakia, na mwanzoni hutakuwa nayo, mwenye ruhusa atakukagua na kukudhamini. Kikipakiwa kinaingia sid, kinakaa siku kadhaa, na kisipoleta balaa kinahamia tawi la majaribio.

Changu nimekituma jana usiku. Mdhamini ameshajibu: nimesahau kurekebisha mwaka kwenye faili ya hakimiliki. Hilo tutalifanya pamoja video ijayo, na baharia2 atakuwa ametiwa betri mpya, kama kusi litaruhusu boti kuvuka.