Suti ya Shemeji

KASSIM: Neema, kabla hujacheka...

NEEMA: Nimeshacheka. Nimecheka tangu Jumapili.

KASSIM: Wasikilizaji bado hawajui.

NEEMA: Basi waambie. Na uanze na suti.

KASSIM: Suti haihusiani kabisa. Jumamosi natoka zangu kwenye sendofu, nimeukimbilia mwendokasi, nimeshuka Kimara kichwa kinagonga. Naingia duka la dawa, binti ananiambia, "Kaka, leo presha tunapima bure." Na mimi na cha bure unatujua. Ikasoma 152 kwa 96.

NEEMA: Umevaa nini?

KASSIM: Suti ya shemeji.

NEEMA: Ulivua koti?

KASSIM: Halivuliki haraka. Shemeji ni mwembamba.

NEEMA: Kwa hiyo mkanda umefungwa juu ya koti, ndani kuna shati, umetoka kukimbilia basi. Ulikaa, au ulisimama?

KASSIM: Nilikaa. Kwenye ndoo.

NEEMA: Kwenye ndoo!

KASSIM: Na binti ananihoji bibi harusi alivaaje, namjibu.

NEEMA: Hapo umepima suti, hujapima presha. Mtu anakaa dakika 5 kimya, ameegemea, miguu chini, mkono mtupu, usawa wa moyo.

KASSIM: Ndiyo nikaazima mashine ya jirani. Asubuhi na jioni, siku 4. 138. 141. 136. Mara moja 147, ila hiyo tuiache, shemeji alikuwa ametoka kupiga simu kuulizia suti.

NEEMA: Hujairudisha?

KASSIM: Mshono umeachia hapa kwapani. Niko kwa fundi.

NEEMA: Na hizo za nyumbani ulipima bila koti?

KASSIM: Bila koti.

NEEMA: Basi bado ziko juu, na si suti, Kassim.

KASSIM: Haya. Toa karatasi yako.

NEEMA: Nina mambo matano leo. La kwanza, presha na ubongo. Kuna watoto waliozaliwa Uingereza wiki moja ya Machi 1946. Watoto 5,362 wakafuatiliwa tangu wachanga, wakaoa, wakazeeka, bado wanafuatiliwa. Presha zao zilianza kuandikwa wakiwa na miaka 36. Walipokaribia 70, kama 500 hivi wakaitwa London kupigwa picha za ubongo. Mradi unaitwa Insight 46. Wewe una miaka mingapi?

KASSIM: Unaijua.

NEEMA: Ana 41, jamani. Sasa, wale ambao presha ilipanda zaidi kati ya miaka 36 na 53, ndio waliokuja kukutwa na ubongo mdogo zaidi na madoa meupe mengi zaidi kwenye picha, yaani alama za ubongo kuumia. Wakati ule inapanda walikuwa wazima tu, wanakwenda kazini. Kilichonishangaza ni kwamba amiloidi, ile protini inayorundikana kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, haikuwa nyingi zaidi kwao. Presha ina njia yake, inapita kwenye mishipa midogo.

KASSIM: Na ile ya damu uliyonitumia saa tano usiku?

NEEMA: GDF15, protini ya kwenye damu! Wamechukua damu iliyohifadhiwa UK Biobank, hazina ya utafiti ya Uingereza, watu zaidi ya 50,000, wakapima protini zaidi ya 1,000 kwa kila mmoja, kisha wakaangalia nani alikuja kupata dimensia, yaani kupoteza kumbukumbu na akili kufifia. Mojawapo ya zilizokuwa juu tangu miaka mingi kabla ni hiyo. Sasa waulize madaktari wa moyo, wanaijua zamani. Moyo ukishindwa kazi inapanda, kwenye kisukari inapanda. Mimi niliyekaa maabara miaka sita nilisisimka.

KASSIM: Wewe husisimka hata kwa mkojo. Ila mimi hapa nakataa. Waingereza, Waingereza tena. Na mimi nimesoma. Jeni ya APOE4, kwa Wazungu ukiirithi, hatari ya Alzheimer inapanda sana. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, wanayo tele. Lakini walipolinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, matokeo ya 2001, wazee wa Ibadan walikuwa wanapata dimensia chini ya nusu ya wenzao, na jeni yenyewe kwao haikuwa na makali yale. Kama jeni inabadili tabia ikivuka bahari, picha za watu wa London zinanihusu nini?

NEEMA: Umesoma nusu. Hao wa Ibadan walikuwa wembamba, lehemu iko chini, presha na kisukari ni vichache kuliko Indianapolis. Umenishikia ushahidi wangu.

KASSIM: Hiyo tafsiri yako. Inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa jeni nyingine zilizo jirani na hiyo. Kila kitu unakiita presha.

NEEMA: Haya, SPRINT, jaribio la kushusha presha la Marekani. Watu zaidi ya 9,300, karibu theluthi ni weusi. Kundi moja ile namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 120, jingine chini ya 140. Mwaka 2019 wakatoa majibu ya ubongo, na kudhoofika kwa kumbukumbu kule kwa mwanzo kulipungua.

KASSIM: Na dimensia yenyewe?

NEEMA: Haikuthibitika.

KASSIM: Asante.

NEEMA: Kwa sababu jaribio lilikatishwa 2015, moyo ulikuwa umeshanufaika mno! Na hapa kwetu? Kiharusi kimefuatiliwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na hapa Dar, 2003 hadi 2006, Dar ikawa juu kuliko Hai. Hapo hakuna Mwingereza.

KASSIM: Hicho ni kiharusi. Tunaongelea kusahau.

NEEMA: Vinakaa nyumba moja. Hata baba yako...

KASSIM: Mzee muache.

NEEMA: Samahani.

KASSIM: Mzee alisahau kwa uzee.

NEEMA: Alikuwa na miaka 63.

KASSIM: Neema.

NEEMA: Nanyamaza. Lakini sijakubali.

KASSIM: Wala mimi.

NEEMA: Haya... Juma ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili? Na nimefika jambo la kwanza!

KASSIM: La pili lilikuwa nini?

NEEMA: Chumvi. Na la nne lilikuwa jinsi ya kuchagua mashine. Basi, haiwezekani tena. Zahanati unakwenda lini?

KASSIM: Jumatatu.

NEEMA: Umevaa nini?

KASSIM: Fulana, Neema. Subiri, simu hii. Ni shemeji.

NEEMA: Pokea. Weka spika.

KASSIM: Juma, zima.