Iowa City: Shule Mpya Zafunguliwa, Nyingine Zafungwa

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko Iowa City, Marekani, mji wa Chuo Kikuu cha Iowa. Kaka Baraka, wasikilizaji wetu wengi kutoka Kongo wana ndugu huko.

BARAKA: Wengi mno, dada. Chuo na hospitali yake vinavuta wafanyakazi, na mzazi akihamia, watoto nao wanatafuta madarasa. Wilaya ya shule ya Iowa City, yaani eneo ambalo shule zake za umma ziko chini ya bodi moja, imebeba pia miji jirani ya Coralville na North Liberty. Kule North Liberty, upande wa kaskazini, nyumba zinaota kama uyoga.

NEEMA: Ndiko ilikofunguliwa sekondari ya Liberty mwaka 2017.

BARAKA: Eeh. Kabla yake zilikuwepo City High, jengo la 1939, na West High, ya 1968. Mwaka huohuo wa 2017 wananchi walipiga kura wilaya ikope dola milioni 191.5 za majengo. Na jimbo la Iowa, kwa mkopo wa aina hiyo, nusu ya kura haitoshi. Lazima zifike asilimia 60! Deni linalipwa kwa kodi ya majengo, kwa hiyo hata asiye na mtoto shuleni anachangia. Mimi nawaheshimu sana watu wa mji ule kwa hilo.

NEEMA: Lakini 2019 shule ya msingi Hoover ikafungwa, na 2024 ikafuata Hills, shule ya mji mdogo kule kusini. Wilaya inafungua shule, halafu inafunga nyingine?

BARAKA: Fedha za jimbo zinafuata idadi ya wanafunzi, wanaohesabiwa kila Oktoba. Shule ndogo inahitaji mkuu, jiko, joto la majira ya baridi, kama shule kubwa tu. Kwa mahesabu, inaeleweka.

NEEMA: Kwa mahesabu, sawa. Kwa mama anayetoka zamu ya usiku, ambaye shule ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani, si sawa. Sasa anategemea basi. Na kila shule mpya ikifunguliwa, mipaka ya mtaa upi usome shule ipi inachorwa upya. Mtoto aliyeanza kuzoea anahamishwa. Nani anakuwepo mezani mipaka ikichorwa?

BARAKA: Bodi ya shule, wajumbe saba wa kuchaguliwa. Uchaguzi ni Novemba, miaka isiyogawanyika kwa mbili. Wazazi wetu wengi hawajapata uraia, hawapigi kura.

NEEMA: Ila kusema wanaruhusiwa. Mikutano ya bodi iko wazi, na watu hupewa muda wa kutoa maoni. Pia sheria ya shirikisho inaitaka shule iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mkalimani ni haki yako, si fadhila. Na usimgeuze mwanao kuwa mkalimani.

BARAKA: Hapo umenena, dada. Piga simu shuleni siku kadhaa kabla, sema unataka mkalimani wa Kiswahili, halafu nenda na jirani zako.