Mguu wa Kushoto: Roki ya Progresivu Ilipoingia Redioni

Asanteni. Naona nyuso kadhaa ambazo zimeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalisema tena. Juzi mwanafunzi mmoja, mpiga gitaa mzuri sana, aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba bendi ya Genesis iliharibika siku ilipoanza kuimbika. Nikamuuliza, nyimbo zenyewe umezihesabu? Akanijibu, nihesabu nini? Basi mhadhara wote wa leo ni jibu langu kwake.

Historia ya roki ya progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu na mapigo yasiyozoeleka, mnaijua, siirudii. Vijana wa Uingereza, vinanda vimewazunguka pande tatu, wimbo mmoja unakula upande mzima wa santuri. Mwaka 1972 Genesis walitoa wimbo wa dakika 23, na bendi ya Yes wakatoa wa dakika 18. Baadaye ikaja redio, ikaja pop, zikaja na lawama za usaliti, kwamba bendi hizi ziliiacha sanaa zikaifuata redio. Lawama hizo ndizo zinazoninyima usingizi, maana wanaozitoa wengi hawajawahi kuhesabu mapigo.

Tuanzie nyumbani, kwenye mizani. Mshororo wa shairi letu lililozoeleka una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Nane inakaa mdomoni bila kusukumwa. Ukiidondosha silabi moja kwa bahati mbaya, mzee yeyote barazani atakwambia umeleta guni. Sasa niambieni: je, ukiidondosha silabi hiyo hiyo kila kipande, kwa kukusudia, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka kibwagizo cha mwisho? Utaitwa guni? Hapana. Hapo umeingia bahari nyingine, na masikio yatakufuata ukijua kuogelea.

Haya, makofi. Wote. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Moja, mbili, tatu... Hapana, mnasimama kwenye saba mkisubiri ya nane. Msiisubiri, haiji. Tena. Vizuri.

Sasa wewe uliyekaa mbele, tafadhali simama utembee huku wenzako wanapiga. Anza na mguu wa kulia. Moja kulia, mbili kushoto, endelea hivyo hivyo. Saba imeangukia mguu gani? Kulia. Kwa hiyo moja inayofuata imeangukia kushoto! Mmeona? Mzunguko wa kwanza ulianza na kulia, wa pili umeanza na kushoto, wa tatu utarudi kulia. Kama tungehesabu nane, mguu wa kulia ungeongoza daima, kama askari kwenye gwaride. Kwa saba, mwili unabadilisha upande kila mzunguko. Asante, kaa.

Mtembeo huo mmeusikia redioni miaka mingi. Peter Gabriel aliondoka Genesis mwaka 1975, akiwa mwimbaji wao na sura yao mbele ya watu. Mwaka 1977 akatoa singo yake ya kwanza peke yake, Solsbury Hill, iliyopewa jina la kilima kidogo karibu na mji wa Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Maneno yake ni ya mtu aliyepanda kilima, akasikia sauti ikimwita, akaamua kuyaacha maisha aliyoyazoea. Na mapigo yake ni saba.

Hebu fikirini alivyoweza kukosea hapo. Angeweza kuweka ngoma zinazojikunja na kujikunjua ili kila msikilizaji ajue kwamba ana saba mkononi. Hakufanya hivyo. Aliweka dundo moja zito kwenye kila pigo, sawasawa, mfano wa hatua. Wewe unayeosha vyombo na redio imewashwa, mguu wako unafuata bila shida yoyote. Gitaa linalozunguka juu ndilo linaloanza upya pigo moja kabla hujalitarajia. Kwa hiyo unasukumwa mbele kidogo, na tena kidogo, na tena, na kila mara mwili unaelemea upande mwingine. Huyo ni mtu anayepanda mlima! Kisha mwisho wa kipande, mapigo yanatimia nane, nne na nne, na ghafla kuna nafasi ya kuvuta pumzi. Amefika juu, anatazama mji chini yake. Wimbo ukafika namba 13 kwenye chati ya Uingereza. Walioununua hawakununua somo la hesabu. Walinunua wimbo wa mtu aliyejikomboa, na ile saba ndiyo iliyowafanya waamini kwamba kweli anapanda.

Nimeusikiliza zaidi ya miaka 30 na bado pale kwenye nane nashusha pumzi.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba saba ni ya Wazungu wa chuo cha muziki, sisi mwili wetu hauijui. Sikubali, na naomba tuliache kabisa neno hilo. Wapenzi wa taarabu asilia ya Unguja mnaijua bashraf, kipande kisicho na maneno kinachopigwa kabla ya nyimbo. Kule Misri na Uturuki ina ndugu yake, samai, na samai inakwenda kwa mapigo 10. Watu wameikalia kitako vizazi na vizazi, wakitikisa vichwa kwa raha. Sikio linajifunza chochote likifundishwa kwa upendo.

Sasa nije kwa kijana wangu na Genesis yake iliyoharibika. Gabriel alipoondoka, Phil Collins, mpiga drams, ndiye aliyeshika maikrofoni. Mwaka 1980 wakatoa albamu ya Duke, ya kwanza kuwafikisha namba moja kwao Uingereza. Ndani yake mna wimbo Turn It On Again, wimbo wa mtu anayetazama televisheni mpaka watu wa mle ndani wanakuwa ndio jamaa zake. Unaimbika, una makali, ukafika namba nane. Ndio ule mnaoletewa kama ushahidi wa usaliti.

Uhesabuni. Mapigo 13! Wengine huyagawa sita na saba, lakini jumla ni 13, na yanazunguka hivyo beti baada ya beti kwenye wimbo uliopigwa redioni mchana kweupe. Na kuna kisa chake ambacho ningependa mkibebe hata kama yote mengine mtayaacha hapa ukumbini. Mike Rutherford, mpiga gitaa wao, ndiye aliyekuja na kipande kile cha gitaa, naye aliamini ni mapigo manne ya kawaida. Collins ndiye aliyemwambia, unajua hiki ni 13? Mtunzi mwenyewe hakujua! Mkono wake ulikuwa umeshaishi miaka kumi ndani ya muziki wa namna hiyo, mpaka 13 ikamtoka kama mtu anavyotokwa na methali bila kuitafuta.

Ninyi mnaotunga mkiwa na kalamu na karatasi, mkiongeza pigo hapa na kupunguza pale ili mwenzenu wa bendi akunje uso, kisa hiki ni chenu. Rutherford hakuongeza kitu. Alifuata sentensi ya gitaa mpaka ilipokwisha, na ilikwisha kwenye 13. Ukiniletea utunzi wa mapigo 11, swali langu litakuwa moja tu: sentensi yako ilihitaji 11, au umeikata uiite ngumu?

Mtaniambia, mwalimu, lakini watu hawawezi kuucheza. Kweli, na Collins mwenyewe amelisema hilo, kwamba utawaona watu wakijaribu kuucheza halafu wanapotea. Lakini kumbukeni, walisimama kucheza! Wimbo uliwainua kwenye viti kabla haujawapoteza. Nyimbo ngapi za muziki mgumu mnazozijua zimemwinua mtu kitini?

Halafu kuna hoja ya fedha, kwamba walitamani fedha wakaacha sanaa. Nisikilizeni. Mwezi Julai 1986 Genesis walikuwa namba moja Marekani kwa Invisible Touch. Wiki iliyofuata nani aliwaondoa pale juu? Peter Gabriel, kwa Sledgehammer. Yule mliyeambiwa aliondoka na sanaa yote mfukoni alikuwa mlango ule ule, wiki moja tu baadaye. Na albamu ya Genesis yenye jina hilo hilo, Invisible Touch, pamoja na singo zake tano zilizoingia tano bora za Marekani, ina Domino, wimbo wa sehemu mbili wa zaidi ya dakika kumi. Aliyevutwa na wimbo wa dakika tatu alifika nyumbani akakuta na ule wa dakika kumi, bila kuongeza hata senti. Mimi naona huo ni ukarimu.

Kuhusu urefu sisemi mengi. Anayedai kwamba watu wa kawaida hawavumilii wimbo mrefu aende akaulize Mario ya Franco, ya mwaka 1985, karibu robo saa nzima, ilichezwa kuanzia Kinshasa mpaka baa ya mwisho ya mtaani kwetu.

Na hapa siwezi kumruka mtoto wa Mji Mkongwe. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akasomea India, familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ina takriban dakika sita, haina kiitikio kinachojirudia, inapita kwenye wimbo wa taratibu, inaingia opera, inaangukia roki, inazimika polepole. Huo ndio ujenzi wa progresivu wenyewe, vyumba vingi ndani ya nyumba moja. Ilikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Watu wanaoiimba baa usiku hawajui kwamba wamepita vyumba vinne, kwa sababu kila mlango una sauti ya kukuongoza mpaka mlango unaofuata. Ningetaka saa nzima kwa hiyo milango.

Naoneshwa saa. Basi haraka haraka. Pink Floyd, Money, mwaka 1973: Roger Waters alikata vipande vya utepe, sarafu, karatasi inayochanwa, mashine ya fedha ya dukani, akaviunga vikawa mdundo wa saba. Gitaa la David Gilmour linapopewa nafasi yake, mapigo yanageuka manne ili lipate kukimbia. Albamu iliyobeba wimbo huo ilikaa wiki 741 kwenye chati ya Marekani kati ya 1973 na 1988. Yes nao, hao hao wa dakika 18, walimchukua Trevor Rabin, mzaliwa wa Johannesburg, na kwa wimbo wake Owner of a Lonely Heart wakafika namba moja Marekani Januari 1984. Huo nao ningewafungulia kipande kwa kipande. Supertramp, Kate Bush na Steven Wilson nimewaandika hapa kwenye karatasi na sitawafikia. Nisameheni, Solsbury Hill imekula muda wao, na hata ningeanza upya ingeula tena.

Maswali tutajibizana nje. Kijana wa mitambo, tuwekee ule wa Duke, tafadhali, sauti juu. Kila mtu asimame. Msihesabu kwa mdomo, hesabuni kwa miguu, na atakayejikuta kwenye mguu wa kushoto asishtuke, aendelee tu. Tunaanza na kulia.