Meza ya kuchomelea: kosa liko chini ya kazi

Haya jamani tuanze, nyie mlioko huko kwenye kivuli cha mwembe sogeeni kidogo maana sina maiki na hiyo grenda ya jirani haijui kama leo tuna mhadhara. Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi.

Mi nimeitwa niongelee meza. Kuna mtu hapo nimemwona anacheka, eti meza nayo ina mhadhara, sawa cheka tu. Mwaka wa kwanza nilivyoanza kujitegemea nilipata kazi ya grili za madirisha manne, nyumba moja, nikazichomelea pale uani kwangu chini kabisa, nimepanga tofali na vipande vya nondo kama mnavyofanya nyie wote. Siku ya kwenda kufunga ikaingia moja. Moja tu kati ya nne! Nikamgeukia fundi mwashi nikamwambia kaka madirisha yako yamepinda, akachukua kamba akapima kona kwa kona mbele ya mwenye nyumba, yako sawasawa. Akapima grili zangu. Sitaki kuwaambia mwenye nyumba alisema nini.

Kilichoniuma ni kwamba weldingi yenyewe ilikuwa nzuri, yani ukiitazama mistari imelala vizuri, hamna matundu, hamna sehemu imekatika. Mkono ulikuwa sawa ila nilichoilazia kazi ndo hakikuwa sawa. Na mpaka leo nikiona geti linaburuza chini mtu anasema fundi hajui kuchomelea, mi namwambia uliza kwanza alichomelea juu ya nini.

Sababu yake ni hivi. Chuma ukikipasha kinatanuka, hilo kila mtu analijua, ila kinachotuharibia kazi ni kule kupoa. Ile sehemu uliyoyeyusha ikipoa inajikunja, na ikijikunja inavuta kila kitu kuelekea upande ulipochomelea. Ukichomelea kona kwa ndani pembe inafunga, ukichomelea kwa nje inafunguka. Sasa kama kazi iko juu ya tofali haina kitu cha kuishika, inaenda inapotaka. Alafu hata kabla hujawasha mashine, kama tofali moja limezama kidogo kwenye mchanga fremu yako imeshapinda kama chapati, we hujui, unaipiga weldingi unaifungia ule upindaji milele. Na wale wanaofanyia juu ya sakafu ya zege wanajiona wajanja, ila zege likipata moto mkali yale maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke linapasuka linakurukia vipande usoni, mi limeshanirukia.

Kwa iyo meza kwangu ni kipimo kabla haijawa fenicha. Ni kama skwea yako au futi yako, ila kubwa na ina miguu.

Meza yangu ya kwanza ntawaambia nilivyoiharibu ili msirudie. Nilipata shiti ya milimita 4, nzuri, imenyooka, nikatengeneza fremu ya engo, chuma cha umbo la L, nikailaza shiti juu nikaizungushia weldingi pande zote nne, mwanzo mpaka mwisho, bila kupumzika, najisifia kwamba hii haitoki. Kweli haikutoka. Asubuhi nikamwaga maji juu yakakusanyika katikati, nimetengeneza karai. Mke wangu akasema basi tuitumie kufulia.

Kuna mtu atasema nunua plati nene basi. Sawa, plati ya milimita 10 ni nzuri sana, haitishiki na joto la kazi zetu za skwea paipu. Ila piga hesabu, mita moja ya mraba ya milimita 10 ina kilo 78 na nusu, shiti nzima ya futi 8 kwa 4 inaenda kwenye kilo 230 na kitu, utaibebaje kutoka madukani Gerezani kule Dar, kwa bodaboda? Wajerumani wanauza meza za plati nene zenye matundu ya milimita 16 au 28 yamepangwa kwa vipimo, unachomeka pini unabana popote, nimeziona kwenye picha nikameza mate. Bei yake hapa uani utauza uwanja kwanza.

Meza ninayowashauri mimi ni ya flatibaa, yani chuma bapa kirefu. Unachukua flatibaa moja ya upana wa milimita 100 na unene wa 10, ile ya mita 6, unaikata vipande vitano, kila kimoja kinakaribia sentimita 120 ukitoa kile diski inachokula. Ukivipanga sambamba ukaacha nafasi ya sentimita 5 kati ya kimoja na kingine unapata meza ya sentimita 70 kwa 120, uzito wa flatibaa zenyewe kama kilo 47 hivi, watu wawili mnainua. Na zile nafasi ndo utamu wenyewe, klampu inapita popote katikati ya meza, sio pembeni tu, na spata, yale matone ya weldingi yanayoruka, na vumbi la grenda vinadondoka chini havikai juu kukuharibia usawa.

Ukienda kununua usiikubali ya kwanza unayopewa. Inyanyue upande mmoja funga jicho moja iangalie kwa urefu kama unavyoangalia bunduki, flatibaa nyingi zina upinde wa ubavuni. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Sasa kujenga, hapa nisikilizeni vizuri. Meza inajengwa kichwa chini. Tafuta vitu viwili vilivyonyooka kweli, skwea paipu mbili nene mpya zinatosha hata kama ni za kuazima, zilaze chini sambamba, zipime na pima maji, chomekea vibati mpaka zilingane. Alafu pima kama hazijajinyonga, unafunga kamba mbili za msalaba, kona kwa kona, zinatakiwa ziguse tu pale zinapokutana. Moja ikikaa juu ya nyenzake na uwazi, geuza, iliyokuwa chini ipite juu, ujue kweli ni mnyongo au ni unene wa kamba. Pima maji peke yake inaweza kukudanganya hapa, kamba haidanganyi.

Zikishakubali unalaza flatibaa zako juu yake, ule uso utakaoufanyia kazi unaangalia chini. Za kutenganishia usihangaike, kata vipande vya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, sio zile za kuazima, uweke katikati, nafasi yenyewe inakuja sentimita 5. Alafu unaweka mikingamo, skwea paipu nne za sentimita 70 zinazokatiza flatibaa zote, unabana na klampu. Hapa ndo watu wanaharibu. Utakuta mkingamo umegusa flatibaa tatu ya nne haijagusa, kuna uwazi kama wa karatasi ya boksi, mtu anachukua klampu anakaza mpaka iguse. Usifanye hivyo! Ukifungua klampu chuma kinarudi kilipotoka na kinavuta meza nzima. Weka kibati chembamba kwenye ule uwazi alafu ndo uchomelee, mkingamo uifuate meza, sio meza iufuate mkingamo.

Kuchomelea kwenyewe, rodi ya 6013 ya milimita 2.5, ampea 70 mpaka 85 hivi, na unapiga vipande vifupi vya sentimita 2 au 3 tu. Shikiza kwanza zote. Alafu ruka, piga hapa nenda kona ya mbali, rudi katikati, nenda kunywa chai. Sitanii kuhusu chai. Kwa vile unachomelea mgongoni mwa meza joto linataka kuifanya meza iwe na nundu, na dawa ya nundu ni uvivu, yani usiwe na haraka.

Miguu sina maneno mengi, skwea paipu hiyo hiyo, ifungwe kwa chini isitawanyike. Paipu mbili za mita 6 zinatosha mikingamo, miguu na vifungio. Urefu simama wima kunja mkono, meza iwe chini kidogo ya kiwiko chako, kwa wengi inakuja sentimita 85 hadi 90. Chini ya kila mguu chomelea nati ya M16 uingize bolti, ndo unarekebishia usawa, maana sakafu zetu tunazijua. Ukitaka magurudumu weka upande mmoja, uwe unainua kama toroli, ila wakati wa kazi meza isimame kwenye bolti.

Na usipake rangi juu!! Kuna kijana alinifuata anasema mzee mashine yangu mbovu, arki inakatika katika, nikaenda, nikakuta meza imepakwa rangi ya bluu inang'aa, na klampu ya asi, ule waya wa pili wa mashine, ameibana juu ya rangi. Umeme wa weldingi unatoka kwenye rodi unapita kwenye kazi unarudi kwenye mashine kupitia ile klampu, lazima mzunguko ukamilike, sasa rangi ni ukuta. Mi nimechomelea kibati kidogo chini ya meza, nimekikwangua kikawa cheupe, asi inabanwa pale siku zote na haisogei. Juu ya meza ni chuma kitupu, jioni napitisha kitambaa chenye oili kidogo, maana sie wa huku pwani hewa yenyewe ina chumvi, ukiamka meza imeota kutu nyekundu. Asubuhi unafuta kabla hujaanza, oili ikibaki inakupa moshi na matundu kwenye weldingi.

Tena kuhusu asi, msiache grenda imelala juu ya meza huku mnachomelea. Asi ikilegea umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, ikipata ule waya wa asi wa kifaa chenye bodi ya chuma unapita huko, na ule waya mwembamba haukutengenezwa kwa ampea 80, unaungua.

Kutumia sasa. Tuseme grili ileile iliyoniaibisha. Unakata vyuma, unalaza juu ya meza, unabana, unapima kona kwa kona, zikilingana umepata mraba. Kwa kona moja moja pima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, kutoka alama mpaka alama lazima ije 100. Shikiza kona nne, pima tena, kama imehama ni rahisi, unavunja kishikizo kimoja unagonga kidogo. Alafu unachomelea kona zinazotazamana, sio kuzunguka kama unapiga tawafu. Na usifungue klampu ikiwa ya moto, mteja akisubiri mpe soda, mpaka uweze kuweka kiganja bila kuruka ndo ufungue.

Sasa kuna kitu meza inawaletea ambacho hamkukitegemea. Ukichomelea umechuchumaa moshi unakupita puani, ukisimama kwenye meza bado kichwa chako kiko juu ya moshi usipoangalia, kaa pembeni, upepo utoke ubavuni. Hasa mabomba yaliyopakwa zinki, ile inachemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma chenyewe kinayeyuka karibu nyuzi 1500, kwa iyo kabla chuma hakijalainika zinki imeshakuwa moshi mweupe unauvuta. Jioni unatetemeka, homa, viungo vinauma, unaenda kupima malaria hamna, kesho yake au keshokutwa umepona unasema nimerogwa. Kwangua zinki yote kwanza pale utakapochomelea. Na maziwa jamani, maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, kunyweni kwa sababu ni matamu.

Macho hivyo hivyo. Miwani ya jua sio kioo cha weldingi, tumieni kioo namba 10 au 11. Na watoto wa majirani wanaokuja kushangaa mwanga, weka turubai nzito isiyoshika moto haraka au mabati, yule mtoto ataamka saa nane usiku analia kama ana mchanga machoni na mama yake atakuja kwako, sio kwa TANESCO.

Swali? Ndio dada.

Anauliza kama mashine ndogo ya kuchomelea, ile ya inveta ya nyumbani, inatosha. Inatosha kabisa dada yangu, meza yote hii nimeijenga kwa inveta ya umeme wa kawaida wa volti 230, ila usiunganishe na waya wa pasi, na angalia yuniti zako za LUKU kabla hujaanza, ikikatika katikati ya kuchomelea utanikumbuka.

Mzee wangu pale? Anasema ana kipande cha reli, kama anaweza kukitumia kunyooshea. Reli ni nzuri sana kugongea, mzee wangu, ila sitaki kujua ulikipata wapi, kile ni kesi.

Na huyu kijana anauliza kama meza ikishapinda ndo basi. Hapana, sio basi, njoo hapa, meza yangu ya karai bado ipo nyuma ya banda. Nishikie kamba upande huo, na wewe kona ile, vuta. Mnaona katikati pale uwazi ulivyo? Sasa niletee grenda tukate ile weldingi ya chini kidogo kidogo, tuanzie upande huu.