Mgongo Ukigeuka, Msuli Upi Unafanya Kazi?

Habari za asubuhi, jamani. Kabla sijawasha mashine hii ya kupima umeme wa misuli, kaeni wima, nyayo chini. Weka vidole gumba pande mbili za uti wa mgongo, usawa wa mbavu za chini. Geuka kulia taratibu, nyonga zisisogee. Wengi mtahisi kulia kunakaza zaidi. Sasa shusha vidole kiunoni, urudie. Tofauti inafifia, sivyo? Pande zote zinashika kidogokidogo. Na wenye kazi kubwa hamjawagusa: ni misuli ya ubavuni mwa tumbo, ule wa nje upande wa kushoto na wa ndani upande wa kulia.

Kiuno chenyewe hakigeuki sana. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili zake vimesimama kama miimo ya mlango, vinagongana mapema. Kila pingili hupata takriban digrii 2 tu kila upande. Mzunguko mwingi unatoka kifuani.

Haya, mgonjwa wako amekaa, unamgeuza wewe, anakwama katikati ya safari. Nini kimemzuia? Kiungo kigumu, au msuli unaojikinga? Kipimapembe kinasoma digrii tu, hakijui. Ndiyo maana tunabandika elektrodi, vibandiko vya kunasa umeme wa msuli juu ya ngozi. Ukimgeuza naye amelegea, mstari kwenye skrini unapaswa kulala. Ukianza kuchachamaa kabla hajafika mwisho, ujue hujapima kiungo, umepima hofu yake ya maumivu.

Kubandika ndiko kunakoharibu kazi za watu wengi. Nyoa malaika, futa ngozi kwa spiriti, acha ikauke. Elektrodi mbili ziachane milimita 20, zifuate nyuzi za msuli. Umeme wa msuli tunaounasa juu ya ngozi ni mdogo mno, unahesabiwa kwa maikrovolti, wakati waya wa ukutani unavuma hezi 50 saa zote. Moyo nao haukai pembeni. Mimi mwenyewe, nikiwa bado mgeni wa kazi hii, niliona miruko inarudi kwa mpangilio upande wa kushoto, nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba msuli unashtuka. Mwenzangu akamshika mgonjwa kifundo cha mkono, akahesabu, akacheka. Yalikuwa mapigo ya moyo.

Mzunguko una hila yake ya ziada: ngozi inateleza juu ya msuli. Elektrodi uliyoibandika vizuri mtu akitazama mbele, akigeuka inaweza kuwa inasikiliza jirani, hasa ule msuli mpana wa mgongo unaovuta mkono. Kwa hiyo mikono tunaikunja kifuani. Na multifidasi, misuli midogo ya kando ya uti wa mgongo iliyojificha chini, msijidanganye kwamba kibandiko cha juu kinaisikia peke yake. Anayeitaka hasa hutumia sindano yenye waya mwembamba.

Msilinganishe maikrovolti za Juma na za Asha. Mafuta ya ngozini tu yanatosha kubadilisha namba. Kila mtu mlinganishe na nguvu zake mwenyewe: mlaze kifudifudi, mshike miguu, ainue kifua kwa nguvu zake zote. Hiyo ndiyo asilimia 100 yake. Ila mwenye maumivu hatatoa nguvu zote, na huna sababu ya kumlazimisha. Huyo mpe mkao mwepesi anaoumudu, mlinganishe na mkao huohuo kila akirudi.

Basi, nani anajitolea? Atavua shati. Wembe ni mpya, nimeufungua asubuhi hii.